Ukipanda tena mbegu ya GMO, ile jeni inaenda wapi?

Kila mjadala wa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni zao maabara, ukianza huku kwetu Tanzania lazima atokee mtu aseme zile mbegu ukivuna ukapanda tena hazioti, eti zimefungwa ili kila mwaka urudi dukani. Inanikera kwa sababu sio kweli, na inatufanya tusiulize swali lenyewe. Teknolojia ya kuizuia mbegu isiote ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, hilo sibishi, lakini haijawahi kuingia sokoni kwenye zao lolote, na mwaka 2000 nchi za mkataba wa bioanuwai zikakubaliana isiruhusiwe mashambani. Mahindi ya GMO ukiyapanda tena yanaota vizuri tu. Cha kuuliza ni yanaota yakiwa yamebeba nini.

Chukua mahindi ya mradi wa WEMA, mradi wa mahindi ya kuhimili ukame na wadudu uliokuja kuitwa TELA, ambao hapa kwetu ulifanyiwa majaribio Makutupora, Dodoma kuanzia 2016 mpaka serikali ikasimamisha 2018, na wenzetu Kenya wakaendelea nao. Ndani yake kuna jeni iliyotolewa kwa bakteria wa udongo, Bacillus thuringiensis, wengi wanaiita Bt kwa kifupi. Jeni hiyo inaufanya mmea utengeneze protini ambayo funza wa mabua akiila utumbo unaharibika anakufa. Wataalamu wakishapata mmea ambao jeni imetua vizuri, mahali pamoja kwenye kromosomu, basi kuanzia hapo inarithiwa kama jeni nyingine yoyote, kwa hesabu zilezile za urithi alizozipata mtafiti Mendel na njegere zake miaka ya 1860.

Sasa tuseme umenunua mbegu chotara ambayo mzazi mmoja ana nakala mbili za jeni ya Bt na mwenzake hana kabisa. Kila mche shambani kwako utakuwa na nakala moja, kwa hiyo msimu wa kwanza shamba zima lina kinga, unafurahi. Ila mche wenye nakala moja unapotoa mbelewele, nusu ya chavua ina jeni na nusu haina, na upande wa jike ni hivyohivyo. Zikikutana, kwenye kila punje 4 unategemea moja yenye nakala mbili, 2 zenye nakala moja, na moja haina kitu. Ukitunza mbegu ukapanda miche 100, kama 25 hivi haina kinga yoyote na kwa macho huwezi kuijua mpaka funza aingie. Hapo bado sijagusa ile nguvu ya chotara yenyewe, ambayo nayo inashuka ukirudia mbegu, kila mkulima wa haibridi anajua mahindi ya mwaka wa pili yanavyokuwa, hii marefu hii mafupi.

Na jirani je? Kama umewahi kulima mahindi meupe karibu na mtu wa mahindi ya njano basi jibu umeshalishika mkononi. Unamenya hindi lako jeupe unakuta punje za njano zimetapakaa, moja hapa, tatu kule, nyingi zaidi kwenye mahindi ya mstari wa pembeni upande unaotokea upepo. Kila unywele wa hindi unaenda kwenye punje yake moja, na kila unywele umedaka chavua yake, kwa hiyo punje ya njano ni mtoto wa baba wa shamba la pili, na rangi inajionyesha msimu uleule. Bt inasafiri njia hiyohiyo kabisa ila yenyewe haina rangi. Chavua ya mahindi ni nzito, nyingi inadondoka karibu, lakini kiasi hupeperushwa mbali, ndio maana mashamba ya kuzalisha mbegu hutengwa kuanzia mita 200 na zaidi.

Kinachonipa wasiwasi hasa ni hizo punje zilizochanganyika kwenye gunzi moja. Funza anaanza kula punje isiyo na kinga, anakua, anapata nguvu, ndipo anahamia yenye kinga akiwa mkubwa na dozi haimtoshi, anapona. Hivyo ndivyo wadudu sugu wanavyoweza kuzaliwa. Afrika Kusini walianza mahindi ya Bt 1998 na kufikia 2007 ikaripotiwa kwamba funza wa mabua wa kule wameanza kuhimili. Wakulima walitakiwa watenge sehemu ya mahindi ya kawaida, asilimia 5 kama hawapulizi dawa au 20 kama wanapuliza, ili wadudu wasio sugu wabaki wazaliane na wale sugu, usugu usienee haraka, na wengi hawakufuata. Wale ni wakulima wakubwa wa matrekta. Mwambie mwenye ekari moja na nusu atenge asilimia 20 bila kumweleza sababu, nani atakubali?

Muhogo ni habari nyingine kabisa na naona hatuuzungumzii vya kutosha. Muhogo unapandwa kwa pingili, kwa hiyo hakuna kugawana, pingili inabeba kila kitu cha mama yake, mwaka wa 10 jeni bado ipo vilevile. Kenya mwaka 2021 walipitisha muhogo wa GMO unaohimili michirizi kahawia, ugonjwa unaoletwa na kirusi, uendelee kwenye majaribio ya kitaifa, na namna unavyofanya kazi mimi naipenda sana. Mwaka 1990 kulikuwa na taarifa za watafiti waliokuwa wakiongeza jeni ya rangi kwenye maua ya petunia ili zambarau ikolee, baadhi yakatoka meupe pee. Jeni imeingia, ipo, lakini mmea umezima ya kwake pamoja na ile ya kuletewa. Baadaye ndio ikaeleweka kwamba mimea ina mfumo wa kunyamazisha jeni, na muhogo huu unautumia mfumo huohuo kunyamazisha jeni za kirusi. Kwa hiyo kurithi jeni ni jambo moja, jeni kufanya kazi ni jambo lingine, na mbegu nzuri inapimwa yote mawili, kizazi baada ya kizazi.

Mimi sipingi teknolojia hii. Ninachotaka mkulima aambiwe hesabu yake kabla hajaifungua ile mifuko, kwamba hii ni chotara, ukirudia robo haina kinga, na hii ya pingili haigawanyiki. Kenya waliondoa katazo la GMO Oktoba 2022, kesi zikafuata mahakamani, huku kwetu bado tumefunga, lakini magunia ya mahindi yanapita mpakani Holili na Namanga kila siku na watu wetu wakikosa hela ya mbegu wanachagua mahindi ya sokoni wanapanda. Punje haina pasipoti. Vipo vijikaratasi vya kupimia, unaponda kipande cha jani kwenye maji kidogo unachovya, baada ya dakika chache mistari miwili maana yake protini ya Bt ipo, mmoja haipo. Ningependa kuona maafisa ugani wa wilaya za mpakani wanavyo mfukoni na wanajua kumweleza mkulima alichokiona, hata kama kwenye makaratasi sisi GMO hatuna.