Kiwiko cha kulia, miezi minane

Kazi iliyoniponza ilikuwa ya makabati. Drili iliharibika siku ya kwanza, mwenye kazi alikuwa na haraka, nami nikasema kusubiri kwa nini, mkono si upo? Nikakaza skrubu kwa bisibisi siku tatu mfululizo, mbao ngumu, mpini mwembamba wa plastiki uliolainika kwa miaka ya jasho. Ulikuwa unateleza, basi nikawa naubana zaidi. Skrubu zenyewe sikuzihesabu, lakini nilimaliza pakiti tatu za mia mia.

Ajabu ni kwamba siku hizo zote sikuumwa. Maumivu yalinikuta asubuhi ya siku ya tano, nilipotaka kuinua jagi la maji mezani. Halikuwa hata nusu. Nililishika, nikainua, kitu kama sindano ya moto kikanichoma upande wa nje wa kiwiko, pale kwenye kijifupa kilichojitokeza, na vidole vikaachia vyenyewe. Jagi likarudi mezani kwa kishindo, maji yakamwagika. Mke wangu alidhani nimekasirika.

Nilijiambia nimeteguka, nikafanya wanachofanya wengi: dawa ya kuchua inayowaka, na kidole gumba kikikandamiza palepale panapouma. Kesho yake pakauma zaidi. Nikaacha kuchua, nikaufunga mkono kitambaa, nikapumzika wiki tatu. Maumivu yakaisha kabisa. Nikarudi kazini kwa furaha, nikashika randa, na kabla ya saa sita mchana yamerudi yote na nyongeza juu. Nikapumzika tena, nikarudi tena. Mzunguko huo ulinila miezi miwili na nusu, na kila mara niliporudi mkono ulikuwa dhaifu kuliko mara iliyotangulia. Ilifika mahali kufungua kifuniko cha chupa ni kuomba msaada, na kupeana mkono na mtu mwenye nguvu ni jambo la kujiandaa.

Mwezi wa tatu nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko. Siwezi kusema haikufanya kazi. Baada ya siku chache nilikuwa mtu mpya, nikapiga kazi kama vile nalipiza deni. Wiki ya sita yakarudi, safari hii yakishuka mpaka katikati ya mkono. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba sikuwa na mkosi wa peke yangu. Utafiti mmoja wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 165 wa kiwiko cha aina hii kwa mwaka mzima. Waliochomwa steroidi walipata nafuu ya haraka, lakini asilimia 54 yao walirudiwa na maumivu. Waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani yake, waliorudiwa walikuwa asilimia 12. Laiti ningeambiwa hilo kabla ya kukunja mkono wa shati.

Ndipo nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja asiyepoteza maneno. Alinikalisha, akaninyooshea mkono juu ya meza, kiganja chini.

"Inua kidole cha kati, mimi nitakizuia."

Nikainua, akakizuia kwa kidole chake kimoja tu. Niliruka kwenye kiti.

"Basi fundi, ndiyo yenyewe. Kiwiko cha tenisi."

Nikamwambia, daktari, mimi tenisi nimeiona kwenye televisheni tu. Akacheka. Wengi wanaopata shida hii hawajawahi kushika raketi. Ni mafundi, wapishi, washonaji, watu wa kompyuta, na wengi wao wana umri wa miaka 35 hadi 55. Daktari wa Kijerumani aitwaye Runge, alipoieleza mwaka 1873, alikuwa akizungumzia watu wanaoandika kwa kalamu. Jina la tenisi lilikuja baadaye.

Kilichofuata ndicho kilichonifungua macho, na unaweza kukijaribu hapo ulipokaa. Alinifanya niweke vidole vya mkono wa kushoto juu ya kigasha cha kulia, chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje. "Sasa funga ngumi." Nikafunga. Chini ya vidole vyangu msuli ukapanda, ukawa mgumu kama kamba iliyovutwa. "Umeona? Unafunga, lakini huo unaokaza ni msuli wa kufungulia."

Maelezo yake ni haya. Vidole hufungwa na misuli iliyo upande wa ndani wa kigasha. Misuli hiyo ikivuta peke yake, kifundo cha mkono nacho kitajikunja ndani na mkono utakosa nguvu. Ili kifundo kibaki kimesimama, misuli ya upande wa juu lazima ivute kinyume, wakati wote unapokuwa umeshika kitu. Kadiri unavyobana ndivyo nayo inavyovuta. Na mingi ya misuli hiyo ya juu imejishikiza kwenye kijifupa kimoja kidogo cha kiwiko, kwa kano zilizobanana pamoja. Skrubu mia tatu maana yake niliivuta kano ileile mara maelfu, na mpini unaoteleza ukanifanya nivute kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Kingine alichonisahihisha: nilidhani mle ndani pamevimba, kwa hiyo dawa ni kutuliza uvimbe. Kumbe maumivu yakishakaa muda mrefu, uvimbe si tatizo tena. Ni kano yenyewe iliyochakaa. Nyuzi zake, ambazo zinatakiwa zilale sambamba, zimevurugika. Kwa seremala hilo halihitaji mchoro. Nimeona mbao ngapi ambazo nyuzi zake zimepindapinda kuzunguka fundo, na palepale ndipo zinapokatikia. Nyuzi za kano hujipanga upya zinapovutwa kwa kiasi. Zikiachwa bila kazi, zinadhoofika. Ndiyo maana mapumziko yangu yalikuwa yanaondoa maumivu bila kuponya kitu. Barafu na dawa ya kupaka ya kutuliza maumivu zilinisaidia kulala, ila kano haikujua kama nimepaka.

Mazoezi aliyonipa nilidharau nilipoyaona. Wiki mbili za kwanza yalikuwa kushikilia tu. Kigasha mezani, kiganja chini, kifundo kikining'inia ukingoni, nabeba chupa ya maji ya nusu lita, yaani nusu kilo, nainyanyua kwa msaada wa mkono wa kushoto mpaka mkono unyooke, halafu naiacha hapo sekunde 45 bila kutikisika. Mara tano, na kupumzika dakika moja hivi katikati. Sekunde ya thelathini mkono unatetemeka kama jani, kwa chupa ambayo mtoto anaichezea.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kushusha. Mkono wa kushoto unapandisha chupa, wa kulia unaishusha polepole kwa hesabu ya nne, mara 15, mizunguko mitatu. Kupandisha kwa mkono mgonjwa kukaja baadaye. Na nyundo nayo ikapata kazi ya hospitali: nikiwa nimekunja kiwiko ubavuni, naishika mpini ikiwa imesimama, naigeuza kichwa chake taratibu kulia, kisha kushoto. Ukiishika karibu na kichwa ni nyepesi. Kadiri unavyoteremka kwenye mpini inazidi kuwa nzito, kwa hiyo huhitaji vyuma vya mazoezi.

Kipimo chetu kilikuwa namba. Sifuri hakuna maumivu, kumi ni yale ya kupiga kelele. Wakati wa zoezi naruhusiwa kufika tatu, ikibidi nne, mradi kesho asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiamka yamepanda, napunguza uzito. Nilikuwa naandika kwa penseli kwenye ubao nyuma ya mlango wa karakana: tarehe, uzito, namba ya usiku, namba ya asubuhi. Ubao huo ndio ulionishika uongo. Wiki ya sita nilijiona nimepona, nikaruka kutoka kilo moja hadi mbili. Asubuhi namba ikasoma sita. Nilirudi kwenye nusu kilo, na aibu yangu, na siku kumi zikaenda hivyo.

Chupa ya lita moja ya maji ni kilo moja, hilo linajulikana. Nilipoimudu, nikamwaga maji nikajaza mchanga mkavu, ikakaribia kilo moja na nusu. Baadaye nikahamia chupa kubwa yenye mchanga, zaidi ya kilo mbili.

Mkanda wa kiwiko nao niliununua, na mwezi mzima nilikuwa naufunga vibaya, juu ya kijifupa chenyewe. Haukai hapo. Unakaa chini yake, upana wa vidole viwili au vitatu, juu ya ile nyama inayopanda ukifunga ngumi, ili mvuto upunguzwe kabla haujafika kwenye kano. Niliuvaa kazini tu. Vidole vikianza kufa ganzi, umeubana mno.

Lakini mazoezi yasingefika mbali kama ningeendelea kufanya kazi kwa mtindo uleule. Hapa ndipo nilipoumia moyo kidogo, kwa sababu nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini na kumbe nilikuwa nashika kila kitu kama mtu anayezama. Nilianza kujichunguza. Penseli naibana. Msasa naubana. Nyundo naibana hata inapokuwa njiani kurudi juu, wakati haina kazi yoyote ya kufanya. Sasa naibana inapokaribia kugonga, kisha nalegeza, uzito wa kichwa ndio unaofanya kazi. Ilinichukua majuma kuzoea, na misumari kadhaa ilipinda.

Mipini ya bisibisi nimeizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ikawa minene na haitelezi tena. Skrubu haiingii mbao ngumu bila tundu la kutangulia, na nyuzi zake nazipitisha kwenye nta au sabuni kavu. Tofauti unaisikia mkononi papo hapo. Patasi na randa nanoa mapema kuliko zamani, kwa sababu butu inadai nguvu na nguvu hiyo inatoka kiwikoni. Glavu nene nimeziacha kwa kazi zinazozihitaji kweli; zinakufanya ubane zaidi bila kujua. Ubao naunyanyua kiganja kikiangalia juu, kiwiko kimekunjwa karibu na mbavu. Kunyanyua kitu kizito mkono ukiwa umenyooka na kiganja chini, hilo nimelifuta maishani. Na kazi ya kukaza sipigi siku nzima tena: dakika ishirini hivi za bisibisi, kisha nahamia kwenye kupima au gundi.

Simu pia. Usiku nilikuwa nalala ubavu, mkono umekunjwa chini ya mto, simu mkononi mpaka usingizi unichukue. Nilipoacha, ule ugumu wa asubuhi ulipungua ndani ya wiki.

Kijana ninayefanya naye kazi alipoona vituko vyangu vya chupa alicheka sana. Mwezi wa saba akaja mwenyewe, "Mzee, na mimi kinauma, ila huku." Alionyesha upande wa ndani wa kiwiko. Huo ni ndugu wa ugonjwa wangu, kano za misuli ya kufunga vidole, na mazoezi ni yaleyale ila kiganja kinaangalia juu. Yeye aliongeza kwamba kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi. Hapo sikumpa chupa. Nyuma ya kijifupa cha ndani unapita mshipa wa fahamu, uleule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko ukutani, na ganzi ya vidole hivyo inahitaji mtu wa kuuangalia kwanza. Vivyo hivyo kiwiko kilichoanza kuuma baada ya kuanguka, kilichovimba na kuwa cha moto, kisichonyooka, au maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka mkononi. Huko si kwa mchanga na ubao wa penseli.

Imefika miezi minane. Wanasema wengi hupona ndani ya mwaka hata bila matibabu makubwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba chupa ndiyo iliyoniponya. Ninachojua ni kwamba miezi ya kupumzika haikunifikisha popote. Mazoezi nafanya mara mbili kwa wiki. Siku ya kazi nyingi za bawaba namba hupanda hadi mbili, kesho yake inashuka. Jagi la maji naliinua likiwa limejaa. Mkono wa kushoto bado unaenda wenyewe chini yake kulishikilia, nami sijaukataza.