Ninapowindia sisemi

Nikiweka picha ya windo, mambo huja kwa mpangilio ule ule. Huanza hongera, hufuata swali la silaha, la umbali, la saa niliyofyatua, na mwishoni lile ambalo muulizaji alikuwa akilitaka tangu mwanzo: ulimpatia wapi? Mengine yote nayajibu kwa urefu, tena kwa furaha. Hilo la mwisho silijibu. Wapo walioninunia kwa sababu hiyo, na mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana akiwa porini, aliniambia usoni kwamba mimi ni mchoyo. Nimekaa na shutuma hiyo muda mrefu, na leo nataka niijibu.

Mahali pazuri pa kuwindia hapaishii kwenye ramani. Nina dimbwi moja la matope, dogo kiasi kwamba unaweza kulipita hatua kumi pembeni usilione, ambako nguruwe mwitu huja kugaagaa. Dimbwi lenyewe halisemi mengi. Inayosema ni miti inayolizunguka. Nguruwe akishajipaka matope huenda kujisugua, na gome la miti miwili mitatu pale limelainika kama mpini wa jembe la siku nyingi. Nikifika, cha kwanza ni kugusa matope yaliyobaki juu ya gome. Yakiwa bado meusi na yanashika kidole, walipita usiku wa kuamkia leo. Yakiwa yamepauka na kupasukapasuka, wamehamia kwingine kwa muda, sina sababu ya kukaa. Kimo cha alama kutoka ardhini kinanipa ukubwa wa mnyama. Kwenye utomvu hunasa nywele ngumu, nyeusi, zenye ncha zilizochanika, na kwenye mti mmoja kuna chale za meno ya dume zilizo juu ya goti langu. Dume huyo nimewahi kumwona mara moja tu, na sikumpiga, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye ukingo ambao nyuma yake hapakuwa na udongo wa kuizuia risasi.

Halafu kuna upepo, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Dimbwi liko chini ya mteremko. Usiku hewa ikipoa huwa nzito na huteremka kuelekea bondeni. Jua likishapasha ardhi, hewa hiyo hugeuka na kupanda. Kwa hiyo alfajiri anayekaa juu ya dimbwi anawateremshia nguruwe harufu yake yote, na mtu huyo huyo, pale pale alipokaa, saa tatu asubuhi hana tatizo kwa sababu hewa imeshageuka. Jioni inakuwa kinyume, na upande unaotangulia kuingia kivulini ndio unaotangulia kugeuka. Nimeyajua hayo kwa kubonyeza kichupa cha majivu na kuangalia yanakoelekea, katika miezi ambayo sikubeba silaha kabisa. Nikimpa mtu nukta ya ramani bila hayo yote, ataingia kwa njia fupi, atakaa juu penye kivuli kizuri, na nguruwe watamnusa kabla hajatua mkoba wake. Atarudi nyumbani akisema pale hapana kitu. Na kwa wiki kadhaa zinazofuata atakuwa amesema kweli.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalioni. Mahali hapafi kwa kuuawa wanyama wote. Hufa kwa sababu wanyama hubadilisha saa zao. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa Kaitlyn Gaynor na wenzake, waliounganisha tafiti 76 zilizohusu spishi 62 za mamalia kutoka mabara sita. Waliona kwamba palipo na usumbufu wa watu, wanyama huhamishia maisha yao usiku: yule ambaye angegawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, sasa asilimia 68 ya shughuli hizo anazifanya gizani. Tena haikuwa bunduki peke yake. Hata watu wanaopita kwa miguu, wasio na nia mbaya, walitosha kuwasukuma. Kwa mwindaji anayefuata sheria, ambaye saa zake zinakwisha mwanga unapokwisha, mnyama aliyehamia usiku ni sawa na asiyekuwepo. Nyayo unaziona kila asubuhi, mwenyewe humpati.

Niliyaona hayo kwa macho kwenye bwawa la matete tulilokuwa tukiwindia bata watu watatu. Tuliingia kwa zamu, hatukufyatua zaidi ya asubuhi moja kwa wiki, na saa nne tulikuwa tumeshaondoka ili bata warudi watue bila kuguswa. Mwenzetu mmoja akamwonyesha shemeji yake. Shemeji akaja na wenzake wa kazini, nao wakaja na wao. Hakuna aliyevunja sheria, leseni walikuwa nazo wote. Lakini watu waliokaa mita mia kutoka kwa wenzao huanza kugombea ndege, na anayegombea hasubiri. Bunduki ya marisau ina uhakika hadi mita 35, ukizidisha sana 40. Pale watu walikuwa wakiwapiga bata walioruka juu maradufu ya hapo, kwa hofu kwamba wakiwaacha washuke watakuwa wa jirani. Bata aliyejeruhiwa kwa punje moja au mbili haanguki palepale. Huteleza hewani, hutua mbali ndani ya matete, hufia huko. Mbwa wangu alikuwa akitoka na ndege ambao si sisi tuliowapiga, wengine wameshaoza. Msimu haujaisha, bata walikuwa wanatua bwawani baada ya giza na kuondoka kabla ya mwanga. Siendi tena kule. Ninaumia kila nikilikumbuka, kwa sababu lilikuwa bwawa lililoweza kuwatosha watu watatu wavumilivu miaka yote.

Kwa hiyo anayeniita mchoyo namjibu hivi: haki ya kuingia porini ni ya kila mwenye leseni na ruhusa, na siikatalii. Nikifika dimbwini nikakuta mtu ametangulia, nageuza bila kusema neno, hata kama nimetembea usiku kucha. Sina hati ya mahali pale. Nilicho nacho ni nilichojifunza pale, na hicho ndicho ninachokiamulia. Hata watunzaji wa misitu wanafanya hivi. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana duniani, unaoitwa Hyperion, una zaidi ya mita 115, na uliposhuhudiwa mwaka 2006 huko California mahali pake hapakutangazwa. Pakavuja. Watu wakamiminika, wakakanyaga mimea ya chini hadi udongo ukabaki wazi, na mwaka 2022 hifadhi ikalifunga eneo hilo kwa adhabu inayoweza kufika faini ya dola 5,000 na kifungo cha miezi sita. Kama mti, usioweza kukimbia, umeumizwa na kujulikana, nguruwe mwenye pua ile atavumilia nini?

Zamani siri ilijilinda yenyewe. Ili umwonyeshe mtu ilibidi umpeleke kwa miguu. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikipunguza kwa makusudi usahihi wa GPS, mfumo wa setilaiti unaokuonyesha ulipo, kwa raia, ungeweza kupotezwa hata mita 100; siku walipoacha, kosa lilishuka hadi mita 20 hivi, na leo simu ya mfukoni inakuweka ndani ya mita chache. Latitudo na longitudo, namba zinazotaja mahali kwenye ramani, zikiwa na tarakimu nne baada ya nukta zinatosha kumfikisha mgeni mita 11 hivi kutoka dimbwini. Na namba hizo simu huzibandika yenyewe ndani ya picha usipoizuia. John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alipokuwa amejificha mwaka 2012, waandishi wa habari waliokuwa naye walichapisha picha yake ambayo haikuondolewa namba hizo, na watu wakasoma humo kwamba yuko Guatemala. Basi kabla hujaingia porini, ondoa ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu. Zima pia programu za kurekodi matembezi. Mwanzoni mwa 2018 ramani ya Strava, mojawapo ya programu hizo, iliyokusanya mbio za watumiaji wake iligundulika kuwa inaonyesha njia za ndani za kambi za kijeshi ambazo hazikutakiwa kujulikana. Njia yako ya kila Jumamosi kwenye kichaka kisicho na barabara haina pa kujificha.

Kuzima namba hakutoshi. Watu wanaojua pori wanasoma picha kwa mandhari. Umbo la mlima kwa nyuma, mwamba uliopinda, aina ya nyasi, upande ambao kivuli kimelalia. Mimi hupiga picha nimepiga magoti, kamera ikitazama chini, nyuma ya mnyama kuna majani tu. Au namvuta kwanza hadi mahali ambapo pori linafanana na pori lolote.

Na kuna dalili ambazo hazina uhusiano na simu. Siegeshi gari pale ninapoingilia. Naliacha mbele zaidi, penye sababu nyingine ya mtu kuegesha, kisha narudi kwa miguu. Siingii mara mbili mfululizo kwa mstari mmoja, maana nyasi zikishalala mara kadhaa zinakuwa njia, na njia humwita kila anayepita. Sikati tawi, sifungi utepe. Maganda ya risasi nayaokota yote. Kamera ya kunasa picha za wanyama siifungi usawa wa kifua kama wengi wanavyofanya. Naipandisha juu kiasi cha mita tatu, naiinamisha, kwa sababu watu hawatazami juu, na nguruwe pia hasumbuliwi na kitu kilicho juu ya kichwa chake. Linalosahaulika kuliko yote ni matumbo. Ukimpasulia mnyama pale ulipompiga, kunguru watazunguka juu kuanzia asubuhi, na mwindaji yeyote aliye ng'ambo ya bonde ataiona alama hiyo bila kuhitaji darubini. Mimi humburuta mbali kwanza, hata akiwa mzito, na mgongo unauma kweli.

Sasa jambo ambalo silikubalii hata kidogo: siri isiyojulikana na mtu yeyote. Nimeshiriki kumtafuta mwindaji aliyevunjika mguu ambaye hakuwa amemwambia hata mkewe upande aliokwenda. Tulimkuta hai, lakini tulimkuta kwa bahati, kwa kusikia filimbi. Kwa hiyo mimi nina bahasha. Ndani kuna kipande cha ramani, mahali ninapoegesha, njia ninayoingilia na nitakapokaa. Mke wangu ndiye mtunzaji. Nisipopiga simu kufika saa mbili usiku, anaifungua na kuwaita watu wawili ambao majina yao yako juu yake. Nikirudi salama ananirudishia ikiwa imefungwa, na safari inayofuata nabadilisha kilichomo. Hataki kujua nilipokuwa, anataka kujua kwamba nitapatikana. Siri ya namna hiyo nalala nayo usingizi mzuri.

Na wageni je? Mpwa wangu alipoanza aliniambia, "Mjomba, nipeleke basi unapopiga wewe." Sikumpeleka dimbwini. Nilimkalisha na ramani yenye mistari ya mwinuko tukatafuta pamoja: wapi maji, wapi chakula, wapi msitu unakutana na uwazi, na kati ya vilima viwili wapi pana mgongo uliolegea ambako mnyama hupenda kuvukia ili asipande hadi kileleni. Tukatia alama sehemu nyingi. Kisha kwa miezi nje ya msimu tukazitembelea moja moja, tukizifuta. Kwenye nyingi hapakuwa na hata kinyesi. Kwenye mbili palikuwa na mapito yaliyolika hadi udongo, na moja ya hizo ameifanya yake. Ninamjibu swali lolote kuhusu upepo wa pale, hata kama ni usiku wa manane. Sijawahi kwenda pale pake bila yeye, na sitaenda.

Na wewe uliyeonyeshwa mahali na mtu, uliza masharti siku hiyo hiyo, kabla hamjaagana. Je, naweza kwenda peke yangu? Naweza kuja na mtu? Nikipata, naweza kupiga picha? Wengi wanaona haya kuuliza, na anayeonyesha anaona haya kusema, kisha urafiki unavunjika kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa maneno mawili. Makubaliano yetu ya kawaida, sisi wachache tunaobadilishana, ni kwamba uliyeonyeshwa unaweza kwenda mwenyewe baada ya kumjulisha mwenye mahali, lakini mtu wa tatu humleti, awe ndugu, awe shemeji. Aliyekiuka haonyeshwi tena. Hatumgombezi, tunaendelea kumsalimia na kunywa naye chai.

Dimbwi litakuwa la mpwa wangu siku nitakapoacha kubeba bunduki. Ameshajua hilo, ila hajajua liko wapi. Nitampeleka kwa miguu, nje ya msimu, alfajiri, na kichupa cha majivu mkononi.