Kabla hujasaini malipo ya bima ya gari lililoharibika kabisa

Barua ya bima ikishasema gari lako ni raiti ofu, yaani halifai kutengenezwa, mara nyingi huambatana na hati ya kupokea malipo. Usiisaini siku hiyo. Hati hiyo inasema unapokea fedha kama malipo kamili na ya mwisho, na ukishaweka sahihi, kudai nyongeza ni kazi ngumu sana.

Omba kwanza, kwa maandishi, ripoti ya mthamini na mchanganuo wa hesabu. Wengi wenye bima kubwa hapa Tanzania huamini watalipwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, kwa kuwa ndicho walicholipia ada. Sivyo. Kiasi kile ni kikomo tu. Kinacholipwa ni bei ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, isipokuwa mkataba uwe umesema wazi kwamba thamani ilikubaliwa tangu mwanzo. Gari ulilolikatia bima kwa milioni 20 likithaminiwa milioni 16, hesabu inaanzia kwenye 16. Na kama ulilikatia kwa milioni 12 ili ada ipungue, hutapata zaidi ya 12.

Ugomvi wenyewe uko kwenye hiyo 16. Pitia ripoti ukiwa na kadi ya gari mkononi: mwaka wa kutengenezwa (usichanganywe na mwaka wa kusajiliwa nchini), ukubwa wa injini, toleo, kilomita. Gari linalovuta magurudumu yote manne likiandikwa kama la kawaida, thamani inashuka bila sababu, na hilo ni kosa rahisi kulithibitisha. Kisha tafuta matangazo matano au sita ya magari yanayofanana na lako na uyahifadhi yakiwa na tarehe. Bei za matangazo ni za kuanzia maelewano, na bima wanalijua hilo, kwa hiyo ongeza bei ya maandishi kutoka yadi mbili. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika nacho kinasaidia: kinaonyesha kodi ya kuingiza gari kama lako leo, ambayo ni sehemu ya gharama ya kupata jingine. Watajibu kwamba lako limeshachakaa. Ni haki yao kukata uchakavu, ila waeleze wamekata kiasi gani na kwa nini. Risiti za matairi mapya au gia boksi iliyobadilishwa ziambatanishe hapo.

Mabaki ndiyo sehemu ambayo watu huumizwa kimyakimya. Ukiyaacha kwa bima, unakabidhi kadi na funguo zote na kulipwa thamani ya gari ukiondoa mchango wako wa dai, yaani sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe. Ukitaka kubaki nayo, bei yake inakatwa pia. Tuseme gari ni milioni 16, mchango ni asilimia 10 na mabaki ni milioni 4: unapokea 16 toa 1.6 toa 4, yaani milioni 10.4. Sasa uliza hiyo milioni 4 imetoka wapi. Iwe ni bei ambayo mnunuzi halisi ameitoa kwa maandishi. Peleka fundi na muuza spea akague. Kama chesisi imepinda na eabegi zimefyatuka, pengine hakuna atakayefika hata milioni 2.5, na tofauti hiyo ni fedha yako.

Gari likiwa na mkopo, benki hulipwa kwanza na wewe hupata kinachobaki. Chukua salio la mkopo kwa maandishi mapema, kwa sababu malipo yasipotosha, deni lililobaki bado ni lako. Uliza pia nani analipia yadi gari linakolala. Gharama ya kila siku inaweza kurudi kwako mkiwa bado mnabishana.

Wakikataa kurekebisha, andika malalamiko rasmi kwa kampuni na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lisiporidhisha, faili hilohilo lipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO.