Manda: kutoka matimbo ya Maweni hadi magofu ya Takwa

Wengi wanaoitaja Manda, kisiwa cha pwani ya Kenya kinachotazamana na Lamu, wanaijua kwa uwanja wake wa ndege tu. Wanashuka, wanaburura mizigo hadi gatini, wanavuka kwenda Lamu na hawageuki nyuma. Mimi safari hii niliazimia kukizunguka kisiwa chenyewe. Nilitaka kuyaona Maweni, ambako hadi leo watu wanachimba mawe ya kujengea, kisha niende Takwa, mji uliojengwa kwa mawe ya aina hiyo hiyo na kuhamwa yapata mwaka 1700.

Maweni si mbali. Kabla boti haijagusa mchanga unayaona mawe yamepangwa safu safu ufukweni, yakingoja mashua ya kuyavusha. Nyuma yake ziko nyumba za udongo na makuti, na baada ya nyumba, matimbo, yaani machimbo ya mawe. Wachimbaji wengi asili yao ni bara: Wagiriama, Waluo na wengineo waliofuata kazi wakaishia kuzaa na kulea hapo. Kazi yote ni ya mkono. Nilimsimamia kijana mmoja ukingoni mwa timbo lake nikamtazama muda mrefu. Alikuwa ameshafyeka vichaka na kuondoa udongo wa juu. Sasa alikuwa akichora mfereji mwembamba kwenye mwamba kwa sururu, pigo baada ya pigo mahali pale pale, mpaka jiwe likabaki limeshikwa upande wa chini tu. Hapo akachomeka mtaimbo, akauegemea kwa uzito wake wote, na jiwe likaachia. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Alilipindua, akalikagua kona zote nne, akalitupa kando moja lililokuwa na ufa. Vipande vilivyokataliwa akina mama wanavigonga kuwa kokoto, nao wanauza.

Mji wa Lamu ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 umesimama juu ya jasho la namna hii. Tunasifu milango ya nakshi, tunasifu mabaraza, lakini wanaokata mawe hatuwataji. Naliona jambo hilo kuwa dhuluma, na nalisema waziwazi.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye rundo la kokoto alinikaribisha kivulini. Pembeni yake palikuwa na madumu ya maji yaliyoletwa kwa boti kutoka ng'ambo. "Mwanangu," akaniambia, "hapa jiwe ni la bure ukiwa na nguvu. Maji ndiyo twanunua." Aliyasema bila kulalamika, mikono ikiendelea kugonga. Maneno yake nilikwenda nayo hadi Takwa.

Takwa haifikiki saa yoyote unayotaka. Boti inaingia kwenye mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na mkono huo karibu unakikata kisiwa vipande viwili. Nahodha wetu, mzee wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, alitupa onyo tukiwa bado gatini: "Mai yakipwa hakuna ndia," yaani maji yakipwa hakuna njia. Tuliingia maji yakiwa yamejaa, injini ameipunguza, mizizi ya mikoko imezama na matawi yanagusa bega. Mwisho wa mkono unashuka, unatembea kidogo, na mibuyu inaanza kuonekana kabla ya kuta.

Mji wenyewe ni mdogo, umezungushiwa ukuta. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951 kutafuta historia yake, magofu yakafyekwa tena 1972 chini ya James de Vere Allen wa makumbusho ya Lamu, na mwaka 1982 yakatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Unapotembea kati ya nyumba, jambo moja linakushika: milango imeelekea kaskazini, na kwa mtu wa Lamu kaskazini ndiko kibla. Sijui mji mwingine niliokanyaga ambao nyumba zake zinaonekana kupangwa kama safu za waumini. Msikiti wa Ijumaa uko katikati, na juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo.

Nilikaa zaidi kwenye nyumba moja iliyobakiwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Lipu ya chokaa imeng'oka sehemu kubwa, kwa hiyo unaliona jiwe lilivyo, limejaa vijitundu na alama za matumbawe, vijiua vidogo vilivyoganda. Ni jiwe lile lile nililoliona asubuhi likipinduliwa Maweni. Chokaa nayo ni jiwe hilo lililochomwa kwa magogo, likazimwa kwa maji. Mahali palipohitaji nakshi, mafundi wa pwani walitumia matumbawe yaliyotolewa baharini, ambayo huchongwa yakiwa mabichi kabla hayajakauka na kuwa magumu.

Ustadi wote huo haukuwazuia kuondoka. Sababu inayotajwa zaidi ni ukosefu wa maji matamu, nami baada ya kukaa na yule mama wa Maweni naiamini kabisa. Hata mji wa Manda, upande mwingine wa kisiwa, uliokuwepo tangu karne ya 9 na kujengewa ukuta wa bahari wa mawe ambayo mengine yanafika uzito wa tani moja, nao umebaki gofu.

Watu wa Takwa walivuka wakajenga Shela. Hawakuisahau Takwa. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya miaka ya 1680, na watu wa Shela huja kulizuru na kuomba mvua. Nahodha alisimama mbele yake, akavua kofia ya jua, akasoma Fatiha. Tukanyamaza mpaka akamaliza.

Kilichowavuta Shela bado kipo. Vile vilima vya mchanga vinanyonya mvua na kuihifadhi chini, na visima vyake ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu. Leo majumba ya kifahari yanaisogelea michanga hiyo, na wenyeji wamepiga kelele miaka mingi. Nawaunga mkono. Anayetaka kibali cha kujenga pale ningempeleka kwanza Takwa akae adhuhuri moja, halafu aniambie kama bado anataka.

Ukienda, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi na umsikilize. Pitia Maweni kabla ya Takwa, ununue chochote kinachouzwa pale, na maji ya kunywa toka nayo Lamu, ya kwako na ya ziada.