Bwawa la perege lililokuwa likipungua maji usiku: jinsi nilivyotatua

Hapa Mikindani uwanja wangu ni kichanga kitupu, kwa hiyo kibwawa cha perege nyuma ya banda la kuku nilikitandikia nailoni nzito. Lakini kila asubuhi maji yamepungua vidole vinne. Nikadhani ni jua. Nikaweka ndoo iliyojaa maji pembeni, mchana na usiku; ikapungua kiduchu tu. Basi si jua. Nikahamisha samaki, nikakausha bwawa, nikaikagua nailoni yote. Hakuna tundu.

Kilichonizindua ni mchicha. Tuta moja la ukingoni lilikuwa limestawi mno, nami sikumbuki kulimwagilia. Nikachimba kwa kidole: mchanga umelowa chepechepe. Pale ukingoni nilikuwa nimelaza gunia kuukuu la korosho kuificha nailoni (mapambo hayo!), ncha moja imezama majini, ya pili imefukiwa tutani. Lilikuwa linanyonya maji kama utambi wa koroboi.

Nikaliondoa, nikainua ukingo wa nailoni kiganja kimoja juu ya maji, nikaukandamiza kwa mawe. Leo siku ya tatu, bwawa linapungua sawasawa na ndoo. Mchicha sasa naumwagilia mwenyewe.