Siku Moja Maishani Mwangu: Migongo ya Malaba

Saa 12 asubuhi. Teksi inatoka Tororo, jiwe letu kubwa bado limejifunika ukungu. Kabla hatujafika Malaba, foleni ya malori imeshaanza. Nikiyatazama huwa nawaza migongo ya watu waliokalia kiti kimoja tangu Mombasa. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki ndogo hapa mpakani mwa Uganda na Kenya. Wengi wa wagonjwa wangu ni madereva, wachukuzi na akina mama wa sokoni, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho sote.

Saa 2. Wa kwanza ni dereva wa trela, miaka 46, mgongo unamsumbua kwa miezi minane sasa. Amefunga mkanda mpana kiunoni na mkononi ana bahasha ya picha za eksirei.

"Musawo (daktari), nichome sindano tu niwahi gari."

"Keti kwanza, kaka. Nieleze ulianzaje."

Hapa ndipo wengi hushangaa. Walidhani watapewa dawa mlangoni, kumbe maswali peke yake yanaweza kula nusu saa. Unaamka usiku kwa maumivu? Umekonda bila sababu? Una homa? Miguu inakosa nguvu? Mkojo na choo unavizuia kama kawaida? Kuna ganzi mapajani kwa ndani au sehemu za siri? Hilo la mkojo wanaume hulikwepa kwa aibu, nami nalirudia hadi nijibiwe. Mtu aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, tena ana ganzi sehemu hizo, hatakiwi kungoja hata kesho. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kisha namwambia atembee kwa visigino, halafu kwa vidole. Namlaza, nainua mguu mmoja ukiwa umenyooka, nagonga magoti kwa nyundo ndogo, napitisha pamba kwenye ngozi. Vyote salama.

Ananinyooshea picha. "Waliniambia pingili zimelika." Neno hilo limemtia hofu kiasi kwamba hainami tena hata kufunga kamba za viatu. Namweleza kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote, ulikuta diski, yaani mito iliyo kati ya pingili, zilizochakaa kwa watu 37 kati ya 100 wenye umri wa miaka 20, na 96 kati ya 100 wa miaka 80. Picha inaonyesha umri wa mgongo, si lazima ionyeshe maumivu yanatoka wapi. Inanisikitisha kuona mtu ametumia fedha nyingi kununua woga.

Saa 4 na nusu. Bado niko naye. Sindano simchomi, na namwambia sababu: diklofenaki ya kila wiki kutoka duka la dawa hutuliza kwa siku chache, huku tumbo na figo zikilipa. Mkanda nao aupunguze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yaliyopita miezi 3, haupendekezi mikanda hiyo kama tiba ya kawaida. Unapendekeza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Basi tunaanza: alale chali, akunje magoti, ainue nyonga polepole. Halafu apige magoti na kushika chini, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Kila akisimamisha gari, alizunguke kwa miguu kabla ya kuagiza chai.

"Itapona lini?"

Sipendi kumdanganya. Wiki za mwanzo maumivu yanaweza hata kupanda kidogo. Tutapima baada ya wiki 6, na kipimo hakitakuwa maumivu tu, bali pia umelala kwa muda wa saa ngapi na umeendesha umbali gani.

Saa 7. Posho, yaani ugali, na maharage, haraka.

Saa 8. Mama mmoja, muuza nyanya, analetwa na mwanawe. Ameshapigwa chuku (kunyonywa damu kwa pembe), makovu bado yako mgongoni. Nauliza yale yale. Homa za jioni, ndiyo. Jasho usiku, ndiyo. Gauni limempwaya. Napapasa uti wa mgongo na katikati nakuta pingili moja imechomoza, nikiigusa anashtuka.

Huyu simpi zoezi hata moja. Nashuku kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hawajui kwamba ugonjwa huo hushika mifupa hata bila kikohozi, na ukicheleweshwa unaweza kupooza miguu. Yeye ndiye anayehitaji picha na vipimo kwa haraka, ndiyo maana mimi huuliza maswali mengi kwa kila anayeingia. Naandika barua ya kwenda hospitali ya Tororo. Wakiona inafaa, watampeleka Mbale, hospitali ya rufaa ya kanda.

"Mwanangu, hela ya dawa nitaitoa wapi?"

"Mama, dawa za kifua kikuu serikalini hazilipiwi. Tafuta nauli tu."

Analia kidogo. Namshika mkono mpaka anyamaze, foleni nje ingoje.

Saa 9 hadi 11. Wachukuzi wawili, mwalimu mmoja, msichana anayebeba majerikani ya lita 20 tangu utotoni. Mazoezi, mazoezi.

Saa 2 usiku. Simu inalia nikiwa nyumbani. Ni mwana wa yule mama. Wamefika Tororo, wamelala kwa shangazi yake, na asubuhi wataingia hospitali. Ananiuliza kama barua ile waitoe kwanza mapokezi au wamngoje daktari. Namwambia waitoe mapokezi, mara tu wafikapo.