Lincoln yangu imefika nyumbani

Jamani, nimeinunua! Lincoln Continental ya 1964, nyeusi chini ya vumbi. Ilikuwa kwenye ghala la mzee mmoja hapa Michigan aliyekusanya magari ya zamani maisha yake yote. Ameshafariki, na wanawe wanayauza moja moja. Hii haijawashwa kwa zaidi ya miaka 20.

Nilipofungua mlango wa nyuma, ule wenye bawaba upande wa nyuma, moyo uliruka. Lakini ndani ni huzuni: panya wamezaliana kwenye viti, petroli imeoza kwenye tangi, breki zimeganda, sakafu upande wa dereva imeliwa na kutu.

Sikuthubutu kupiga stata. Nilitoa plagi zote 8, nikamimina mafuta kidogo kwenye kila silinda, nikaiacha siku tatu. Leo asubuhi nimeizungusha injini kwa spana, polepole. Ikazunguka! V8 ya lita 7, haijakwama. Nimekaa chini nikalia.

Lincoln hii iliundwa Wixom, jirani kabisa na hapa. Kiwanda chenyewe kilifungwa 2007.

Kesho naanza na breki. Anayemjua fundi mzuri wa viti vya ngozi karibu na Detroit, tafadhali aniambie.